Kundi la familia: Wajukuu wa Langoni

Jumatatu

Da Zaituni, 06:48: Asalaam aleikum. Jana nilikuwa hospitali ya King Fahd na watoto. Ni upele, ule wa kidudu. Si joto, si mbu, si chumvi ya bahari. Alhamisi usiku nyumba zote tatu twajipaka dawa kwa pamoja, kabla wageni wa Maulidi hawajaanza kuteremka jetini. Jibuni.

Da Zaituni, 07:30: Tiki za buluu naziona. Majibu siyaoni.

Omari, 08:02: Mungu humpa upele asiye na kucha. Sisi katupa vyote viwili 😂

Da Zaituni: Wewe ndiye uliyeamka usiku wa manane ukijikuna kiuno mpaka kitanda kikalia. Mama yako kaniambia.

Omari: Mama!!

Mama Omari: Nilisema kwa wema tu.

Mama Fatma, 09:15: Kwangu hakuna upele. Fatma ni ukurutu wake ule ule wa tangu uchanga.

Da Zaituni: Ukurutu wa Fatma naujua. Hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, huja ukaenda, wala hauambukizi. Huo mpake vaselini akitoka tu kuoga, ngozi ingali na unyevu, na sabuni ya harufu muiache. Lakini juzi nilimshika mkono: ana vipele katikati ya vidole, na kwenye kifundo kuna vijistari vyembamba. Daktari anasema mtoto aweza kuwa na vyote viwili.

Shemeji Bakari: Mimi nilinunua ile tyubu ya kung'arisha ngozi. Muwasho ukapungua.

Da Zaituni: Shemeji, hiyo ina steroidi. Muwasho unatulia, kidudu kinaendelea kuchimba ngozini na kutaga mayai. Ndiyo maana umefika kwapani.

Omari: Na shingo imekuwa ya Mzungu 😂😂

Omari: Swali la kweli. Punda naye apakwe? Mimi hushinda naye kuliko binadamu.

Da Zaituni: Upele wa punda ni wa punda, hauzaani kwa mtu. Usinivurugie mpango.

Da Zaituni, 09:41: Sikizeni. Dawa ni ile nyeupe ya maji, BBE (benzyl benzoate). Mtu aoge, ajikaushe, ajipake kuanzia shingoni mpaka nyayoni: chini ya kucha, kitovuni, huko kwengine pia. Yachoma, vumilieni. Ikae saa 24. Ukinawa mikono, jipake tena mikono. Ya watoto izimuliwe kwa maji, nitakuja mimi. Kichanga cha Salma asiguswe mpaka daktari amuone. Shuka na nguo zichemshwe. Visivyofulika vitiwe kwenye mfuko wa plastiki, vifungwe siku nne.

Omari: Mfuko utoke wapi, na serikali ilipiga marufuku 2017?

Da Zaituni: Gunia basi, Omari. GUNIA.

Ami Athmani, 11:37: Niseme kitu. Upele huu umeingia na magodoro yaliyoazimwa Shela kwa harusi. Na moja halijarudi hadi leo. Godoro la marehemu baba. Aliyelitoa yumo humu.

Shangazi Mwanaidi: Kaka, kama una jina litaje.

Shangazi Mwanaidi: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Omari: 🙏🙏

Da Zaituni: Ami, tafadhali. Mtu aweza kukaa na upele wiki 4 mpaka 6 kabla hajaanza kuwashwa, hakuna ajuaye nani kaanza. Na kidudu kikitoka mwilini hakifiki wiki kishakufa. Harusi ile ni ya miaka mingapi?

Ami Athmani: Sizungumzi kidudu. Nazungumza godoro.

Omari, 13:20: Bibi yuko hapa, kasomewa yote. Kaniambia niandike kama alivyosema:

"Athmani, godoro la babako nililitoa mimi, kwa mkono wangu. Nilimpa mjane wa Matondoni, alikuwa akilala mkekani na wanawe. Mwanaidi kabeba lawama miaka yote kwa sababu nilimwambia anyamaze. Alhamisi mimi nipakwe wa kwanza. Na asiulizwe mtu upele kautoa wapi."

Mama Fatma, 15:04: Sisi tutakuja na Fatma.

Da Zaituni, 15:06: Shukran Bibi. Kila nyumba shilingi 300 za dawa. Na mjue, muwasho waweza kubaki wiki mbili mpaka nne hata vidudu vikishakufa, msinipigie simu usiku mkisema dawa ni bandia.

Da Zaituni, 18:50: Michango? Mpaka sasa ni Mama Omari peke yake.

Shangazi Mwanaidi, 20:11: Nimetuma. Yangu na ya kaka.

Ami Athmani, 22:32: Alhamisi niko Kiwayu na mashua.

Da Zaituni: Ami, chukua chupa yako ujipake huko huko, usiku ule ule. Ukirudi nao sote twaanza upya. Na mabaharia wako je, mwalala pamoja?

Shemeji Bakari, 23:05: Hiyo 300 ni kwa nyumba au kwa kichwa?