Kabandika barkodi JUU YA LEBO, halafu anasema "si wimbo uko ndani?"

Sindano_ya_78 (mleta uzi)

Wakuu, salamu mtanisamehe leo.

Mnamjua. Msinilazimishe kutaja. Yule yule aliyepanga ensaiklopidia kwa rangi ya majalada ili rafu "ipendeze mgeni akija". Asubuhi hii kaingia chumba cha sauti cha maktaba yetu na roli la stika begani kama askari na bunduki, na kufikia saa nne keshamaliza maboksi manne ya santuri za shelaki, zile sahani ngumu za kabla ya plastiki, za inchi 10. Kila sahani na barkodi yake. Kabandika wapi? Kwenye kava? Thubutu. Kwenye boksi? Thubutu. JUU YA LEBO, katikati, pale pale penye jina la mwimbaji na namba ya toleo. Kilichosalia ni yule mbwa wa nembo peke yake anasikiliza gramafoni, na hata mbwa mwenyewe uso wake unauliza: jamani, nani anaimba?

Kaulizwa namba zitasomwaje sasa. Jibu lake, neno kwa neno: "Namba za nini? Si wimbo uko ndani?"

SI WIMBO UKO NDANI. Basi na pasipoti tubandike stika usoni, mwenyewe si yupo.

Ngoja nivute pumzi. Kitabu kikipoteza jalada, ndani kina ukurasa wa jina. Santuri ya 78 (mizunguko 78 kwa dakika) haina kitu. Kava lake la dukani ni karatasi ya kahawia yenye tundu katikati, na limeshavalishwa sahani kumi na mbili tofauti. Hiyo lebo, duara la karatasi lisilozidi kiganja, ndiyo ukurasa wa jina, ndiyo mgongo, ndiyo cheti cha kuzaliwa. Humo mkutubi anatoa wimbo wa upande huu, wimbo wa upande ule, mwimbaji, kikundi, namba ya toleo na, kiwanda kikiwa na huruma, namba ya matrisi. Namba ya toleo ni moja kwa sahani nzima. Inaingia 028 (kwenye MARC, mfumo wa rekodi za katalogi, kila sehemu ina namba yake), kiashiria cha kwanza, yaani tarakimu inayosema ni namba ya aina gani, 0. Matrisi kila upande na yake, maana ni namba ya lile bamba la nta lililochongwa siku ya kurekodi. Inaingia 028 vilevile, kiashiria cha kwanza 1. Ukizichanganya hizo mbili, sahani moja inazaa pacha kwenye katalogi, au sahani mbili zinalazwa kitanda kimoja.

Na hapo sijagusa alichoandika kwenye kompyuta. Rekodi MOJA kwa maboksi yote manne: "Santuri za zamani. Mchanganyiko. Lugha: Kihindi." Kihindi! Kisa, chini ya lebo pameandikwa zimetengenezwa India. Siti binti Saad na wenzake walikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, sasa sahani iandikwe imetoka wapi, Kongwa? Mahali na tarehe ya kurekodi panakaa 518. Lugha inayoimbwa inakaa 041, sehemu ndogo d. Vitu viwili, vyumba viwili. Kwa akili yake Siti kaimba Kihindi maboksi manne mfululizo.

Lakini hilo linafutika kwa kibodi. Stika haifutiki. Juu ya lebo, wakuu. Juu. Ya. Lebo.

---

Kadi3x5

Namjua. Aliwahi kuuliza kwa nini santuri za inchi 10 na za inchi 12 haziwezi kusimama rafu moja "kwa herufi". Ndiyo huyo.

Barkodi inakaa kwenye kava jipya lisilo na asidi, pembe ya juu upande wa kulia, ili uisome na kifaa bila kuchomoa sahani. Ukilazimika kabisa kuandika kwenye lebo, penseli laini ya 2B, namba ya ingizo tu, sahani ikiwa imelala bapa juu ya meza. Kalamu ya wino hapana. Marka pen ndiyo hapana kabisa. Stika ni dhambi ya tatu, na kwa joto letu hili gundi inatoka jasho, inapenya karatasi, na siku ukiibandua inaondoka na maandishi yote.

---

MtaalamuWaPembeni

Mleta uzi analia kama kafiwa. Matrisi imepigwa kwenye shelaki penyewe, kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Zima taa, mulika tochi kwa pembeni, isome. Dakika mbili kazi imekwisha. Barkodi nayo ina umuhimu wake, mnataka ukaguzi wa mali ufanyike kwa ramli?

---

Sindano_ya_78

Mkuu, tochi ninayo. Matrisi inanipa UPANDE, hainipi namba ya toleo, na watafiti wanaomba kwa namba ya toleo. Halafu santuri nyingine matrisi imepigwa chini ya karatasi ya lebo yenyewe, unaiona kwa uvimbe tu. Na juu ya huo uvimbe kuna nini sasa? Sema wewe. Kuna nini?

---

Bwana_Vanishi

Si upake spiriti kidogo stika itoke? Mnakuza mambo.

---

Kadi3x5

WEWE USIGUSE KITU. Fundi seremala anapotaka vanishi anafanyaje? Anaroweka shelaki kwenye spiriti mpaka iyeyuke. Sasa unataka kupaka spiriti juu ya sahani ya shelaki. Shelaki inasafishwa kwa maji yaliyokenekwa (distilled) na kitambaa laini, kufuata mzunguko wa mifereji, na lebo hailowi hata tone. Hewa ya moto nayo usijaribu, sahani itajikunja kama chapati.

Mleta uzi, hizo zilizokwisha bandikwa ziache zilivyo. Piga picha kila upande, andika herufi zinazochungulia pembeni mwa stika, halafu linganisha na nakala safi ya sahani hiyo hiyo kwenye katalogi za maktaba nyingine. Matrisi uliyosoma kwa tochi ndiyo itakuhakikishia kwamba ni yenyewe.

---

Koha_Usiku

Nyie mnalilia stika, mimi nalilia kiolezo. Asilimia kubwa ya huu uchafu unaanzia mtu anapofungua rekodi mpya kwenye Koha, programu ya katalogi, na kuacha kile kiolezo cha kwanza, cha vitabu. Kinadai kurasa, naye anakipa kurasa. Nimeona kwa macho yangu "kurasa 2" kwenye santuri. Upande A na upande B, hesabu imetimia!

Kiolezo cha sauti kipo, kinaitwa SR. Ukikitumia, kichwa cha rekodi nafasi ya 06 weka j kama ni muziki, i kama ni hotuba, hadithi au mahojiano. Ukiacha a, hiyo ni maandishi, na msomaji akichuja "sauti" sahani zako hazitokei hata ukizichomea ubani. Halafu sehemu ya 007: s ya sauti, d ya sahani, d tena ya kasi 78, m ya mono, s ya mfereji mpana, d ya inchi 10. Mbele huko kuna s ya shelaki. Mfereji mpana si pambo: fundi wa kuhamisha sauti anaangalia hapo kujua achukue sindano gani. Ya 78 ni nene karibu mara tatu ya sindano ya LP, zile santuri za plastiki zilizokuja baadaye. Weka sindano ya LP humo inazama mpaka chini ya mfereji, na unachosikia ni mvua ya masika juu ya bati.

---

MzeeWaRili

Afadhali yenu mna lebo, hata kama imebandikwa. Njooni kwenye kanda za redio, zile za rili. Boksi limeandikwa "VIPINDI MBALIMBALI". Ndani pana rili ya boksi jingine. Rili ya boksi hili iko boksi la tatu, na boksi la tatu limeandikwa "Tazama boksi la kwanza".

Kasi hakuna aliyeandika. Rili ya inchi 7 yenye futi 1,200, kwa inchi 7½ kwa sekunde, inatoa dakika 32 kwa upande. Ukiicheza kwa 3¾, hotuba ya nusu saa inakuwa ya saa nzima na kiongozi anaongea kama zimwi. Kuna mtu akaandika kwenye maelezo "mzungumzaji ni mgonjwa". Hakuwa mgonjwa. Ilikuwa kasi.

Halafu hizo kanda zinanuka siki. Inua rili usoni kwa taa, utazame ubavu wa kanda zilivyojiviringisha: mwanga ukipenya ni plastiki ya asetati, usipopenya ni ya poliesta. Zinazonuka siki ni asetati, zitenge, kwa sababu zinaambukizana kama mafua. Hilo nalo mkutubi aandike, hali ya kitu ni sehemu ya katalogi. Mmemsikia nani akiliandika?

---

OkaOka

Kanda zinaokwa tu Mzee. Nyuzi joto 50 na kitu, kwa muda wa saa nane, zinacheza vizuri.

---

MzeeWaRili

Wewe ndiye umeunguza ghala la watu! Zinazookwa ni POLIESTA zilizokamata unyevu, hasa za miaka ya 1970 na 1980, zile zinazolia mlio wa panya zikipita kwenye hedi ya mashine na kuacha tope la kahawia. Asetati ukiioka unaiua. Na hata poliesta ukishaoka una wiki chache za kuhamisha sauti kabla ya kurudi kule kule. Oka mkate, ndugu yangu.

---

Sindano_ya_78

Wakuu, turudi kwenye lebo kidogo. Mtu kashika stika, kaona kabisa pameandikwa jina la mwimbaji, AKALENGA HAPO. Kwa kidole gumba. Akakandamiza.

---

ShangaziKatalogi

Mwanangu Sindano pole. Lakini hata lebo ingekuwa safi mngeiharibu kwenye majina. Nendeni kwenye faili la majina mtafute NUTA Jazz. Halafu mtafute JUWATA Jazz. Halafu OTTU Jazz. Halafu Msondo Ngoma. Bendi moja, majina manne, na hakuna hata uzi mmoja unaowaunganisha. Kijana anatafuta Msondo anapata vitu vitatu, za NUTA zote zimelala gizani.

Jina likibadilika rasmi, kila jina linapata kichwa chake, na unaviunganisha kwa 510: kabla lilikuwa hili, baadaye likawa lile. Sahani unaiweka chini ya jina lililokuwapo ilipotoka. Tahajia ikitofautiana tu, hiyo ni 410, rejea ya "tazama". Msichanganye. Na kwingine kuna mtu kaunganisha zote nne kuwa Msondo, sasa sahani ya miaka ya 60 inaonekana imepigwa na bendi ambayo jina lake halijazaliwa.

---

PwaniTamu

Shangazi umenena. Na sisi Unguja je? Ikhwani Safaa, Akhwani Safaa, Ikhwan Safaa, na wengine wanaanza na Nadi mbele. Klabu ile ile ya tangu 1905. Siku moja mtu ataandika Safaa peke yake, kama jina la bibi harusi.

---

Saba_Inchi_Nairobi

Huku Nairobi kilio chetu ni sahani za 45, zile ndogo za inchi 7. Jina lililo kwenye mabano chini ya wimbo ni la MTUNZI. Watu wanaliweka kama mwimbaji, na mwimbaji halisi aliye chini yake wanamtupa kwenye maelezo. Mtunzi 700 na neno la uhusiano "mtunzi", mwimbaji 511 kama ilivyoandikwa na 700 ya kwake. Ni kazi ya dakika tano. Sasa warithi wakija kuuliza mirabaha mnawaonyesha nini, barkodi?

---

Koha_Usiku

Mirabaha umeigusa. Wale wafadhili waliokuja kuhamisha sauti na kuondoka na picha zetu tukitabasamu, walituachia nini? MP3. Faili zinaitwa "Wimbo 1", "Wimbo 1 mpya", "Wimbo 1 mpya SAHIHI". Kiwango cha kuhifadhi kinajulikana, IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, wanataka angalau 48 kHz kwa biti 24, WAV, na hifadhi nyingi zinatumia 96 kHz. Kwa hiyo 96, stirio inakula kama GB 2 kwa saa, mono nusu yake. Jina la faili libebe namba ya ingizo na upande: SH10_00412_A, basi. Na namba ya uhakiki ya faili (checksum) iandikwe siku hiyo hiyo, la sivyo baada ya miaka mitano hujui kama faili limeoza au lilizaliwa hivyo.

---

OkaOka

Lakini MP3 inasikika poa tu kwa simu.

---

MzeeWaRili

Mods, naomba huyu aokwe saa nane.

---

Sindano_ya_78

Jamani lebo...

---

MtaalamuWaPembeni

Wakati mko hapa, kuna mwenye sindano ya 78 ya mikroni 70 na kitu? Ya kwangu imevunjika ncha, na duka la Kariakoo wanauza za LP tu.

---

Bwana_Vanishi

Muulize mleta uzi, jina lake si Sindano? Si iko ndani?

---

Saba_Inchi_Nairobi

Ninazo mbili, ila hazina kichwa. Deki yako ni ya mkanda au inazungushwa na mota moja kwa moja?

---

MtaalamuWaPembeni

Mkanda. Nao umelegea, 78 inakwenda kama 74. Njoo PM.