Nikinyonyoa kuku kifua kinabana, barakoa gani inafaa?

Mnyonyoaji: Mwangaluka wadau. Niko Tabora mjini, nachinja na kunyonyoa broila wa oda, kuku 60 hadi 80 kwa siku, wa mahoteli na mama lishe. Tangu masika yaanze kifua kinabana jioni, kikohozi kikavu, usiku homa na viungo vinauma kama malaria. Nimepima malaria mara mbili, hamna. Naomba kujua tu: barakoa ya kitambaa au zile za bluu za hospitali?

Bibi Firigisi: Pole mwanangu. Chukua asali ya nyuki wadogo, tangawizi na ndimu, asubuhi kabla hujala. Na maziwa usiache. Marehemu mume wangu alikaa kwenye ghala la tumbaku miaka 20, kila jioni nusu lita, vumbi lote linashuka.

Konda wa Nzega: Bibi, samahani, marehemu alifariki kwa nini?

Bibi Firigisi: Kifua. Lakini ilikuwa baadaye sana.

Tabibu Mstaafu: Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko mapafuni, njia mbili tofauti. Mnyonyoaji, siku usiyochinja unakuwaje? Na chumba kina hewa?

Mnyonyoaji: Jumapili sichinji, kifua kinaachia kabisa. Jumatatu jioni kinarudi, tena siku hiyo ndiyo kibaya kuliko zote. Chumba kiko vizuri.

Tabibu Mstaafu: "Kiko vizuri" si jibu. Madirisha mangapi?

Mnyonyoaji: Mawili. Ila niliyaziba na turubai. Jirani alilalamika harufu na manyoya, akatishia kumwita bwana afya. Sikuona shida, maji ya moto yanaua vijidudu.

Tabibu Mstaafu: Hapo ndipo penye ugonjwa wako. Maji ya kunyonyolea ni ya nyuzi hamsini na kitu hadi sitini na kitu, hayachemki. Kuku anapopigapiga mabawa na unapomnyonyoa, hewa inajaa chembe za manyoya, kinyesi kikavu na bakteria. Hata bakteria akifa, ganda lake lina sumu iitwayo endotoksini, na moto wa jikoni hauiondoi. Ukiivuta kwa wingi unapata homa na kubanwa kifua. Waliofanya kazi kwenye vinu vya pamba wanaijua hii homa ya Jumatatu. Kama kikohozi kimepita wiki mbili, nenda hospitali ya Kitete au kituo chochote cha serikali wapime makohozi, kipimo cha kifua kikuu ni bure. Na umwambie daktari unashika kuku, usimwache abahatishe. Mwaka 2018 kule Marekani, Virginia na Georgia, wachinjaji wa kuku waliugua nimonia inayotokana na bakteria wa ndege.

Wakili wa Kijiweni: Watu wanaumizwa kazini wanaambiwa wanywe asali! Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Mpeleke mwajiri wako OSHA, wakala wa usalama kazini, na ugonjwa wa kazini una fidia WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Usimwogope.

Mnyonyoaji: Mwajiri ni mimi.

Wakili wa Kijiweni: 😳

Tabibu Mstaafu: Una vijana?

Mnyonyoaji: Wawili. Mmoja ameacha kuja. Alisema anaumwa, mimi nikajua uvivu tu.

Mama Ipuli: Hayo ndiyo ulitakiwa uanze nayo! Unauliza barakoa yako, mtoto wa watu yuko kitandani. Mungu anakuona.

Mnyonyoaji: Dada, mimi nao tuko chumba kimoja, sijawaficha kitu. Na suluhisho ninalo, nimeshatoa 300,000 ya awali, mashine ya kunyonyolea inakuja. Kuku mmoja sekunde chache, hatutakaa kwenye mvuke tena.

Tabibu Mstaafu: Ukiiweka humo ndani umeongeza moto. Vile vidole vya mpira vinampiga kuku mpaka matone yanaruka kama mvua. Mashine ikae nje, chini ya paa lisilo na kuta, huku kuku wakitundikwa mbali nayo.

Konda wa Nzega: Subirini kwanza. Huyu mwezi jana alikuwa jukwaa la biashara anaulizia mashine, akasema yuko Urambo. Leo Tabora mjini. Hii ni chai, na haina hata sukari. Dalali huyu, kesho ataweka picha na namba ya simu.

Mnyonyoaji: Urambo ndiko nyumbani, kazi iko mjini. Kuuliza bei ndiyo udalali?

Mama Ipuli: Hata mimi nilishangaa. Mgonjwa gani ana hela ya mashine?

Fundi Pasi: Mgonjwa mwenye oda ya kuku 80. Ila hizo mashine maji yakizidi moto zinachana ngozi, hoteli hawachukui. Za kwangu zilirudi 11 siku moja, tukala mchuzi wiki nzima.

Tabibu Mstaafu: Chai au si chai, kifua nilichoelezwa nakijua. Barakoa: kitambaa hakizuii chembe hizo, ya bluu inavuja pembeni. Tafuta N95, ile inayobana uso na kuchuja chembe, ikilowa tupa. Lakini turubai kwanza.

Mnyonyoaji: Nimetoa moja. La upande wa jirani nimeliacha kidogo. Kijana nimempigia, anasema anakohoa bado, kesho nampeleka Kitete na mimi nipime.

Konda wa Nzega: Sawa mkuu. Hiyo mashine bei gani lakini?