Vunjajungu: niwalee kisha niwaachie bustanini?

Mama wa Bustani, Wete
Asalaam aleikum. Nyuma ya nyumba nina bilinganya, bamia na mchicha, na vidukari wananitesa. Dawa sipigi, mboga hizi ndizo wanazokula wanangu. Nimeona kifuko cha mayai ya vunjajungu kwenye mndimu, na ndugu yangu aliyeko Uingereza kanambia ataniletea vyengine vya kununua. Nataka nilee watoto wao, wakikua niwaachie wawale vidukari. Nawaweka wapi, wanakula nini?

Mfuga Nyuki, Chake
Waaleikum salaam dada. Vya kuletwa, nakuomba usivipokee. Kunguru hawa wa Kihindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka, na mpaka leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Na mdudu wa kigeni ni hivyo hivyo, ukishamwachia humrudishi tena.

Kijana wa Micheweni
Mie nimewalea. Kata kijitawi pamoja na kifuko, kining'inize ndani ya ndoo, juu funika chandarua. Wanatoka wengi kwa mpigo, pengine mia na zaidi, na njaa ikiwashika wanalana wenyewe kwa wenyewe. Bakisha wachache, kila mmoja na kopo lake. Waliobaki waachie siku ile ile. Chakula chao vijinzi vya ndizi zilizoiva sana. Maji nyunyiza matone tu, usiweke kisahani.

La muhimu kuliko yote ni kujivua ngozi. Ananing'inia kichwa chini, kwa hiyo kopo liwe refu, angalau mara tatu ya mwili wake, na juu pawe na kitu cha kushikia. Saa hiyo usimguse kabisa. Akianguka hutoka kilema au hufa.

Mama wa Bustani, Wete
Ahsante sana mdogo wangu. Na vidukari watawamaliza?

Mzee wa Shamba, Mkoani
Mwanangu, hawatawamaliza. Vunjajungu akiwa mdogo atakula vidukari, akikua hana haja nao: atadaka panzi, kipepeo, hata nyuki anayekuzalishia bamia. Tena hakai kwa wingi pahala pamoja. Tazama maji moto, wale sisimizi wakali wa kwenye minazi. Miaka ya 1950 mtaalamu Michael Way aliwachunguza hapa Zanzibar, akaona wanamzuia kunguni anayeharibu nazi changa. Kunguni huyo kapewa jina lake, *Pseudotheraptus wayi*. Maji moto ni maelfu, na makao yao ni juu ya mti wenyewe. Kwa vidukari, linda vidudu vyekundu vya duara vyenye madoa meusi, na majani yaliyojaa vidukari yaoshe kwa maji.

Mama wa Bustani, Wete
Nimekuelewa baba. Ndugu yangu nimemwambia asilete. Kifuko kitabaki mndimuni, watoto wangu watalea wawili watatu wapate kuwajua. Kuwaachia ni asubuhi au jioni?

Kijana wa Micheweni
Jioni, jua likishapoa. Kila mmoja mti wake, mbali na njia ya sisimizi. Na kuku wawe wameshaingia bandani.