Feni ya rejeta haitulii: gumzo la kikundi cha familia

Zuhura: Shikamooni wazee, wengine habari za jioni. Naomba msaada wa gari. Nikisimama na injini imewashwa, feni ya rejeta inawaka, inazima, inawaka tena. Haitulii. Nikiwa kwenye mwendo siisikii kabisa. Huo ni ugonjwa?

Shangazi Rehema: Marahaba mama. Hiyo inataka kuchemsha, zima haraka!

Zuhura: Shangazi, mshale wa joto haujapanda. Uko palepale pa siku zote, chini kidogo ya katikati.

Idi: Dada, toa thamostati. Watu wengi wanatoa na gari zinatembea.

Baba Mdogo Salum: Marahaba wanangu. Idi, hapana. Thamostati ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto; ndiyo inayoiwezesha injini kupata joto lake mapema na kubaki nalo. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi, inachakaa kabla ya wakati. Isitolewe kitu kabla hatujajua kinachoumwa.

Baba Mdogo Salum: Zuhura, gari ikitembea, upepo unaopita kwenye rejeta unatosha kupoza maji. Ikisimama hakuna upepo, joto linapanda, sensa inatoa taarifa, feni inawashwa. Kwenye gari nyingi thamostati inafunguka kati ya nyuzi 82 na 90, feni inawaka kwenye 95 hadi 105 hivi, na inazima joto likishuka nyuzi chache. Kwa hiyo kuwaka na kuzima ndiyo kazi yake. Ninachotaka kujua ni muda. Ikiwaka inakaa kiasi gani?

Zuhura: Sekunde chache tu. Inazima, sijahesabu hata kumi, imewaka tena.

Baba Mdogo Salum: Hapo ndipo penye neno. Maji yote yaliyomo kwenye injini na rejeta hayawezi kupoa na kupata moto upya kwa sekunde chache. Kuna kitu kingine kinaiamrisha hiyo feni. AC imewashwa?

Zuhura: Ndiyo, watoto wamo ndani.

Baba Mdogo Salum: Izime, injini iendelee. Subiri kama dakika kumi, halafu uniambie feni inafanyaje.

Mama: Zuhura, mtandio uufunge vizuri na mikono ikae mbali na hiyo feni. Zipo gari ambazo feni inajiwasha hata ufunguo ukiwa mkononi.

Baba Mdogo Salum: Shemeji kasema kweli. Na kifuniko cha rejeta asikiguse mtu injini ikiwa ya moto. Mle ndani maji yamebanwa kwa shinikizo, ndiyo maana hayachemki hata yakipita nyuzi 100. Ukifungua tu shinikizo linatoka, yanachemka palepale na kukurukia usoni. Kiwango kiangaliwe kwenye chupa ya pembeni, kati ya alama mbili.

Zuhura: Nimeangalia, kipo karibu na alama ya juu.

Idi: Baba Mdogo, ingekuwa sensa tungejuaje?

Baba Mdogo Salum: Swali zuri. Unachomeka kompyuta ya kupimia gari, unasoma joto la maji likiwa linabadilika. Joto halisi linapanda taratibu: 88, 89, 90. Ukiona limeruka kutoka 85 hadi 110 na kurudi papo hapo, hilo siyo joto, ni sensa au waya wake. Tikisa soketi ya sensa huku unaangalia namba. Zikiruka, umempata mwizi. Maji yakipungua pia, hewa inakaa kwenye sensa na vipimo vinayumba. Rilei, yaani swichi ya umeme ya feni, ikiwa na kutu, au waya wa ethi unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari ukilegea, navyo huikatakata feni.

Shangazi Rehema: Na yangu je? Kwenye foleni mshale unapanda, nikitembea unashuka. Feni sijawahi kuisikia.

Baba Mdogo Salum: Dada, yako ndiyo ya kuogopa kuliko ya Zuhura. Washa AC gari ikiwa imesimama. Kwenye gari nyingi feni inatakiwa iwake nayo. Isipowaka, fundi aanze na fyuzi, rilei, kisha mota yenyewe. Mpaka ipone usiingie nayo kwenye foleni.

Zuhura: Nimerudi. AC ikiwa imezimwa feni ilinyamaza muda mrefu. Ikawaka karibu dakika nzima, ikazima, kimya tena. Mshale haujatikisika.

Baba Mdogo Salum: Vizuri sana. Upande wa maji ni mzima. Sasa washa AC, fungua boneti, tazama kompresa, pampu ya gesi ya AC, pale mkanda unapopita. Puli inazunguka muda wote. Mbele yake kuna bamba linalozunguka pale tu AC inaposhika.

Zuhura: Naliona! Linashika "ta!", linazunguka kidogo, linaachia. Likishika na feni inawaka, likiachia inazima. Na hewa ndani ni ya vuguvugu.

Baba Mdogo Salum: Basi dalili zote zinaelekea kwenye gesi ya AC kupungua. Kompresa ikianza kuvuta, shinikizo linaanguka, swichi inakata ili kuilinda. Ikisimama shinikizo linapanda, swichi inaruhusu tena. Feni inafuata tu nyayo za kompresa.

Idi: Si aongeze gesi yaishe?

Baba Mdogo Salum: Gesi haitumiki kama petroli, Idi. Imefungiwa mle inazunguka. Ikipungua kiasi hiki, kuna inapovujia. Zuhura, injini ukishaizima na ikapoa, mulika viungo vya mabomba ya AC. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi, kwa hiyo panapovuja vumbi hunata.

Zuhura: Bomba jembamba linapoingia kwenye kondensa, ile rejeta ya AC hapa mbele ya rejeta ya injini, kuna tope jeusi la mafuta kuzunguka nati. Mabomba mengine yana vumbi kavu. Natuma picha.

Baba Mdogo Salum: Nimeiona. Mwambie fundi aanzie hapo, abadilishe oringi, pete ya mpira inayoziba kiungo hicho, apime kama bado kunavuja, avute hewa yote kwa pampu, kisha aingize gesi kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Asikadirie kwa jicho, gesi ikizidi nayo inaleta shida. Mpaka siku hiyo AC ibaki imezimwa, kwa sababu gesi ikiwa kidogo mafuta hayarudi vizuri na kompresa inajisaga.

Zuhura: Ahsante sana Baba Mdogo. AC nimezima, vioo tumeshusha, kesho asubuhi nampelekea fundi na picha hii.