Naomba ushauri: neno OK, asili na maana zake niwaelezeje wanafunzi?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Kuna vijana nawafundisha Kingereza wamenibana na neno OK, wanataka kujua limetoka wapi. Nilichonacho ni kwamba lilitokea kwenye gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, enzi hizo wahariri wa Marekani walipenda utani wa kufupisha maneno waliyoyakosea spelingi makusudi, ndo "all correct" ikawa "oll korrect" halafu OK, na mwaka 1840 kampeni ya urais ya Martin Van Buren, aliyekuwa rais wa Marekani, ikalipaisha maana jamaa alikuwa anaitwa Old Kinderhook, kutokana na sehemu aliyozaliwa. Aliyechimbua haya kwenye magazeti ya zamani ni Allen Walker Read, mtaalamu wa lugha wa Marekani, na mi naona ushahidi wake umeshiba kabisa.

Sasa mmoja kashikilia ni neno la Wachoctaw (kabila la wenyeji asilia wa Marekani), mwingine anasema la Kigiriki, ola kala, yaani "yote mazuri". Nawajibuje bila kuwavunja moyo?

Ila kinachonisumbua zaidi ni maana. Filamu ikiwa OK ni ya kawaida tu, aliyeanguka akiwa OK ni mzima, halafu mtu akikujibu meseji ndefu kwa OK na nukta unahisi kanuna. Hizi tofauti mnazifundishaje?