Uzio mmoja kwa mbuzi wa ndani na nungunungu wa nje?

Muulizaji
Ndugu wanajamvi, shamba langu la ekari mbili linapakana upande mmoja na mahindi ya jirani, na upande wa pili na pori. Mbuzi wangu saba wamezoea kupenya kwenye seng'enge: mmoja hupiga magoti, hupitisha kichwa chini ya uzi wa chini, na wenzake humfuata. Nimekwisha kwenda mara mbili kumwomba jirani radhi, na ingawa hunipokea kwa upole, naona haya kwenda mara ya tatu. Usiku nao nungunungu hutoka porini wakachimba chini ya uzio, na asubuhi nakuta viazi vimetafunwa na miiba yao yenye mabaka meusi na meupe imeachwa matutani. Je, nikizungushia shamba zima wavu wa waya, utafaa kwa wote?

Mchangiaji wa kwanza
Hautafaa, ndugu, kwa sababu mbuzi huujaribu uzio kwa kifua na magoti, ilhali nungunungu huujaribu kwa makucha, udongoni. Kwa mbuzi, weka wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita 10. Nasisitiza kipimo hicho kwa kuwa niliwahi kuweka wa sentimita 15. Beberu wangu alipitisha kichwa akifuata majani, pembe zikanasa alipotaka kurudi nyuma, nami nikamkuta jioni amelegea kwa kiu. Nguzo za kona zichimbiwe chini sana na kuegemezewa mihimili, maana kona ikilegea, uzio wote hulegea.

Kwa nungunungu, zungushia bustani ya viazi peke yake. Chukua wavu mgumu, ukunje sehemu yake ya chini, uilaze kuelekea nje kwa upana wa nusu mita hivi, uipigilie vigingi na kuifunika udongo. Mnyama huanza kuchimba pale pale penye shina la uzio. Akikuta waya chini ya makucha, mara nyingi huacha, kwani haimjii kurudi nyuma nusu mita na kuanza upya.

Mchangiaji wa pili
Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, tembea mpakani pamoja na jirani yako, mkitazama alama moja baada ya nyingine. Uzio uliowekwa pasipo maelewano hugeuka kuwa mpaka baada ya miaka michache, na aliyeusogeza hatua moja, hata kwa kutokujua, huonekana mnyang'anyi. Ukichagua ua wa miti ya miiba, uupande ndani ya eneo lako na uache nafasi ya mtu kupita akiupogoa, la sivyo mizizi na kivuli vyake vitayaumiza yale mahindi kuliko mbuzi.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na ile njia ya nungunungu upande wa porini, niizibe?

Mchangiaji wa tatu
Iache. Wanyama hawa hupenda kurudia njia zao, na ukiiziba watafungua nyingine usikokujua. Nakusihi pia usitege nyaya, kwani hazichagui: zitamnasa mbwa wako, au mmoja wa mbuzi hao saba, na kifo chake ni cha mateso. Kama una kuku, wafungie bandani kabla ya giza. Wavu mwepesi humzuia kuku kutoka, lakini kicheche hupenya popote kichwa chake kinapopita.

Muulizaji
Nimezungumza na jirani na amekubali tutembee. Kigingi cha kona nilichokitafuta siku nyingi kimefunikwa na kichuguu, na yeye anajua kilipo.