Hagler na Leonard 1987: aliibiwa au la?

Kona ya Bluu: Wakuu, hapa Kayole mjadala huu hauishi. Kwenye pambano lile la ngumi majaji walimpa Leonard ushindi wa pointi. Hagler aliibiwa?

Mzee wa Jabu: Hakuibiwa. Yeye alikuwa bondia wa mkono wa kushoto, lakini raundi za mwanzo alisimama kama wa kulia, akazigawa bure. Na kambi ya Leonard ilishakubaliwa pambano liwe la raundi 12 badala ya 15, kwa hiyo muda wa kufidia haukuwepo.

Binti Ulingo: Sawa Mzee, ila kadi ya jaji mmoja, pointi 118-110 kwa Leonard, ni kichekesho! Majaji wengine waliandika 115-113, kila mmoja upande wake. Itazame tena ukiwa umezima sauti: Leonard alimwaga ngumi sekunde 30 za mwisho wa raundi, nyingi zikaishia kwenye glavu, umati ukapagawa. Hesabu zilizotua tu.

Mzee wa Jabu: Hata hivyo, huyo si Hagler aliyemmaliza Hearns raundi ya 3 mwaka 1985. Baada ya pambano na Mugabi, miguu yake ilikuwa mizito.

Ngumi Jiwe: Wizi halisi ni wa bondia Roy Jones, Olimpiki ya Seoul 1988: alitua ngumi 86 kwa 32 za mpinzani, akapoteza kwa kura za majaji 3-2. Lakini Robert Wangila wetu, Olimpiki hiyohiyo, alimzima Boudouani raundi ya 2, majaji wakabaki na kalamu zao.